Baiskeli zarudi Jericho, lakini je, barabara iko tayari?

Jumamosi moja ya hivi majuzi, nikiwa nimeketi kibarazani nyumbani Jericho nikinywa chai, mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka 12 alinijia akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Babu, kwa nini baiskeli yako imetundikwa ukutani kama picha ya marehemu?"

Nilimwambia kwamba mipira yake imeoza na kwamba spoki zimeliwa na kutu. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu. Mtoto naye hakutaka hadithi ya kutu. Alitaka ruhusa. Vijana wa mtaa walikuwa wameandaa msafara wa baiskeli asubuhi hiyo, wazunguke Jericho na mitaa jirani kuwakumbusha wenye magari kwamba barabara ni ya watu wote. Rafiki yake alikuwa amemwahidi kumwazima baiskeli. Kilichobaki ni neno langu tu.

Ndugu msomaji, neno hilo lilinikwama kooni. Nilikaa kimya muda mrefu hata chai ikapoa. Mwishowe nilimwambia, "Twende wote. Wewe utapanda, mimi nitatembea kando. Tutaona huko huko." Haya ninayoandika leo ndiyo niliyoyaona, pamoja na yale niliyoyakumbuka njiani.

MTAA ULIOAMSHWA NA KENGELE

Jericho ni mtaa uliokuwa wa halmashauri ya jiji, mmoja katika jamii kubwa ya mitaa ya Eastlands iliyojengwa kuwahifadhi wafanyakazi wa Nairobi. Majirani zetu ni Maringo, Jerusalem, Ofafa Jericho, Makadara, Harambee na Uhuru, na ng'ambo ya Rabai Road wako ndugu zetu wa Buruburu, ambao mtaa wao ulianza kujengwa katika miaka ya 1970. Ofafa, kwa wale wasiojua, ni jina la Diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953 wakati wa hali ya hatari.

Watoto wa leo wanaijua Jericho kwa kandanda, kwa uwanja wa Camp Toyoyo na timu ya Jericho All Stars. Sisi tuliokulia hapa tunaijua pia kwa sauti ya kengele za baiskeli. Alfajiri, kabla ya jogoo wa pili, ungesikia milango ikifunguka mmoja baada ya mwingine, kisha minyororo ikilia, kisha kengele. Wanaume walikuwa wakienda kazini. Walishika Jogoo Road, ambayo wazee waliizoea kwa jina lake la zamani la Doonholm Road, kisha wakakata Likoni Road kuingia Industrial Area. Wengine walielekea mjini, safari ya kama kilomita sita tu. Aliyekuwa na baiskeli hakumtegemea dereva wala utingo. Alitegemea miguu yake na pampu.

Marehemu baba yangu alikuwa na baiskeli nyeusi ya chuma, ile ambayo watu wa Kenya waliibandika jina la Black Mamba kwa weusi na urefu wake. Ilikuwa nzito kama mlango wa jela. Kwenye karia ya nyuma alifunga kitambaa cha gunia, na hapo ndipo nilipoketi Jumapili tulipokwenda kuwaona jamaa Kaloleni. Wiki nzima karia ile ile ilibeba unga, makaa, na mara moja ilibeba kabati la mama kutoka Gikomba, baba akisukuma, nami nikishikilia nyuma lisianguke. Baiskeli ilikuwa mali. Ilifungwa kwa mnyororo usiku, ikafutwa vumbi asubuhi, na ilikuwa na taa ya dainamo iliyowaka kwa nguvu za gurudumu. Baba alikuwa akisema kwamba mtu asiyekuwa na taa hana haki ya kumlaumu aliyemgonga gizani. Alikuwa mkali kwa jambo hilo. Aliamini kwamba akitii sheria, barabara nayo ingemtii.

JINSI TULIVYOSUKUMWA PEMBENI

Baiskeli hazikutoweka kwa siku moja. Zilisukumwa polepole. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila ile leseni iliyotakiwa kwa mabasi, na tangu hapo barabara za Eastlands hazikuwa zile zile tena. Sisemi kwamba matatu ni mbaya. Zilitupeleka kazini, shuleni na hospitali, na hadi leo mtu wa Buruburu anajua kwamba akikosa 58 amekosa siku. Lakini kila matatu iliyoongezeka ilihitaji mahali pa kupita na mahali pa kusimama, na mahali hapo palikatwa kutoka kwa mtu wa miguu na mtu wa baiskeli.

Kisha magari ya watu binafsi yaliongezeka. Barabara zilipopanuliwa zilipanuliwa kwa ajili ya magari. Hatimaye zikaja pikipiki. Jina lenyewe la boda boda lilizaliwa na baiskeli, zile zilizokuwa zikivusha abiria mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia, wenye baiskeli wakiita "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo mwanzoni mwa mwaka wa fedha wa 2008 hivi, jina lilibaki lakini baiskeli ikaachwa njiani. Mzaliwa amemfukuza mzazi nyumbani.

Mimi niliacha baiskeli kabla ya hayo. Mwaka 1986 nilikuwa kijana, nikifanya kazi Industrial Area kama baba yangu, na kila jioni nilirudi pamoja na jirani yangu wa mlango wa tatu. Tulizoea kupanda sambamba pale palipokuwa na nafasi, na mmoja nyuma ya mwenziwe palipokuwa pembamba. Jioni moja mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nilisikia lori likipita karibu sana, upepo wake ukanisukuma hadi ukingoni, kisha nikasikia kishindo kimoja tu. Nilipogeuka, niliona gurudumu la baiskeli yake likizunguka peke yake hewani.

Lori halikusimama. Wapita njia walimlaza kwenye pikapu ya mtu mwema, lakini hakufika hospitali akiwa hai. Alikuwa na mke na mtoto mchanga. Alikuwa na taa, alikuwa na kengele, alikuwa upande wake wa barabara. Alitii kila kitu ambacho baba alinifundisha.

Baada ya mazishi niliitundika baiskeli ukutani. Sikuapa wala sikumwambia mtu. Niliitundika tu, asubuhi yake nikapanda basi. Hiyo ndiyo kutu aliyoniuliza mjukuu wangu.

MSAFARA WA ASUBUHI

Tulifika penye soko tukakuta watu kama sitini hivi. Nilitazamia vijana watupu waliovaa nguo za kubana na kofia za plastiki. Hao walikuwapo, lakini hawakuwa peke yao. Alikuwapo mzee mwenye koti la suti na baiskeli ya chuma kama ile ya baba. Alikuwapo mama aliyevaa leso kiunoni, mtoto wake amekaa kwenye kiti kidogo cha waya. Walikuwapo wavulana wa kupeleka maziwa na mikate ambao baiskeli kwao si mchezo, ni kazi. Na walikuwapo watoto wengi, wengine wawili kwa baiskeli moja.

Misafara ya namna hii si kitu kigeni tena Nairobi. Kwa muda wa miaka kumi hivi wapenda baiskeli wa jiji wamekuwa wakikusanyika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi chini ya jina la Critical Mass, wakipita barabarani kwa wingi ili waonekane. Aliyejulikana sana katika kuuongoza ni Bi Cyprine Odada, mwanamke ambaye amekuwa akizitetea baiskeli mbele ya wakuu wa jiji bila kuchoka. Jina na desturi hiyo vilianzia San Francisco, Marekani, mwaka 1992. Fikira yake ni nyepesi: mwendesha baiskeli mmoja husukumwa mtaroni, lakini mia moja hawasukumiki.

Vijana wetu wa Jericho wameichukua fikira hiyo wakaishona kwa kipimo cha mtaa. Hawakwenda mjini. Walipanga kuzunguka mitaa yao wenyewe, pale wanapoishi na pale watoto wao wanapovuka kwenda shule. Mmoja wao alisimama juu ya jiwe akatoa maagizo. Watoto wakae katikati. Wakubwa wakae mbele, nyuma na upande wa magari. Asiwepo wa kushindana. Asiwepo wa kumtukana dereva hata akitukanwa. Kwenye makutano, wawili watashuka na kusimama hadi wa mwisho apite.

Mzee mmoja akachekesha watu: "Jericho ile ya kwenye Biblia ilizungukwa siku saba, kuta zikaanguka. Sisi tukiizunguka hii mara saba, serikali itatuwekea angalau tuta moja!"

Watu walicheka, kengele zikalia, msafara ukaondoka.

MACHO YA ANAYETEMBEA

Kwa kuwa nilikuwa kwa miguu, niliachwa nyuma mara nyingi nikawa nakata vichochoro kuwakuta mbele. Mtu anayetembea huona mengi. Ndani ya mtaa, mambo yalikuwa mazuri. Njia ni nyembamba, magari ni machache, na kila mtu anamjua mwenziwe. Wazee walitoka vibarazani. Kina mama waliokuwa wakianika nguo walipiga vigelegele. Kijana mmoja wa kuosha magari alizima mashine yake akasimama kama anayepigiwa wimbo wa taifa.

Mjukuu wangu alipanda kwa kuyumba mwanzoni, ulimi nje, mikono imekaza usukani. Baada ya nyumba kumi hivi alinyooka. Baada ya nyumba ishirini alipiga kengele bila sababu.

Ilipofika Rabai Road, hali ilibadilika. Hapo njia ya miguu huanza na kukoma kama maneno ya mlevi. Mita hamsini ipo, kisha kuna kibanda cha nguo za mitumba, kisha gari limepandishwa juu yake, kisha mtaro ulio wazi. Mwenye miguu hushuka barabarani. Mwenye baiskeli hana pa kushuka kwa sababu tayari yuko barabarani. Pikipiki hupita kushoto na kulia, nyingine zikija kinyume. Milia ya kuvukia imefutika hata usipoambiwa kwamba ilikuwapo hutaijua.

Matatu moja ilikuja kwa nyuma ikapiga honi ndefu. Moyo wangu ulisimama. Niliona mgongo wa mtoto wangu mdogo katikati ya wale wengine, nikasikia tena upepo wa lori la mwaka 1986. Wale vijana waliokuwa upande wa magari hawakukimbia. Mmoja aliinua mkono akamwonyesha dereva ishara ya "pole pole". Utingo aliyekuwa akining'inia mlangoni akaona watoto, akapiga bodi mara mbili, na gari likapunguza mwendo. Lilitufuata taratibu hadi njia panda, kisha likapita, abiria wakitupungia mikono madirishani.

Jambo dogo, utasema. Lakini nilijiuliza: je, siku ya Jumatatu, mtoto mmoja akiwa peke yake na mkoba wa vitabu mgongoni, dereva yule angepiga breki?

MANENO YA FUNDI

Msafara ulipopumzika nilikwenda kuketi na fundi wa baiskeli ambaye ninamjua tangu siku nyingi. Kazi yake iko chini ya mti, sanduku moja la vyuma, karai la maji ya kutafutia pancha, na magurudumu yaliyotundikwa tawini. Nilimwuliza kama kazi ipo.

"Kazi ipo, mzee mwenzangu," alinijibu huku akikwaruza mpira kwa msasa kabla ya kubandika kiraka. "Lakini tazama ninachotengeneza. Zamani nilikaza minyororo iliyolegea kwa kazi. Sasa ninanyoosha rimu zilizopinda. Mnyororo hulegea kwa sababu ya safari. Rimu hupinda kwa sababu ya kugongwa."

Aliniambia kwamba wateja wake wengi ni watu wa mapato ya chini: walinzi wa usiku, wachuuzi, vibarua wa Industrial Area. Nauli ikipanda wakati wa mvua, wao huja kufufua baiskeli zilizolala. Nauli ikishuka, wengine huzirudisha ukutani, si kwa kuchoka bali kwa hofu ya wake zao. "Mke akisikia mtu amegongwa Jogoo Road," alisema, "baiskeli yote ya mtaa inauzwa."

Maneno hayo yalinifikirisha. Tumezoea kusema kwamba Mwafrika ameiacha baiskeli kwa sababu anataka ukubwa wa gari. Wapo wa namna hiyo. Lakini wengi hawakuiacha kwa majivuno. Waliiacha kwa hofu.

AHADI ZIPO, NJIA HAZIPO

Hatuwezi kusema kwamba wakuu hawajui. Mwaka 2008 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako hapa hapa Nairobi, Gigiri, lilianzisha mpango wa kuzihimiza serikali ziwakumbuke waendao kwa miguu na kwa baiskeli kila zinapojenga barabara. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitangaza sera yake kuhusu usafiri usiotumia injini, na ndani yake ikaahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili hiyo. Mwaka 2019 Luthuli Avenue, katikati ya jiji, ilifanywa ya kupita upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa na miti ikapandwa. Kuanzia mwaka 2020, Halmashauri ya Huduma za Jiji ilitengeneza njia za miguu na baiskeli katika barabara kadhaa za mjini, Kenyatta Avenue ikiwa mojawapo.

Yote hayo ni mema, na nimeyaona kwa macho. Lakini nimeona pia kwamba mengi yako mjini, mahali watu wanapofika, wala hayako mitaani, mahali watu wanapoanzia safari. Nimeona njia za baiskeli zikigeuzwa njia za pikipiki. Na mwaka 2022 ilipofunguliwa barabara kuu ya juu kwa juu, ile ya kulipia, hakuna mwenye baiskeli aliyeruhusiwa kuikanyaga. Fedha nyingi zilikwenda hewani, na chini yake mtu wa miguu alibaki akiruka mitaro.

Kila mwaka ajali za barabarani huua Wakenya zaidi ya 4,000, na kundi kubwa kuliko yote katika hao ni watu waliokuwa wakienda kwa miguu. Hawakuwa na gari, hawakuwa na mwendo wa kasi, hawakumgonga mtu. Na sababu kubwa ni mwendo. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hugonga kwa nguvu mara nne ya liendalo 30, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kila mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia nne. Basi tuta la barabarani, lile ambalo madereva hulilaani, si kikwazo. Ni mlinzi asiyelala wala asiyehongwa.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Asiyesafiri hudhani mamaye ndiye ajuaye kupika kuliko wote. Tutazame nje kidogo. Mjini Kigali, tangu mwaka 2016, zimetengwa siku ambazo barabara kubwa hufungiwa magari, watu wakatoka kutembea, kukimbia na kupanda baiskeli. Mji huo huo, Septemba 2025, uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanywa katika bara la Afrika. Addis Ababa nayo ilianza siku zake za namna hiyo Desemba 2018, kwa jina lenye maana ya "barabara kwa watu". Wote wamefuata nyayo za Bogotá, nchini Colombia, ambako tangu mwaka 1974 mji umejizoeza kufungia magari Jumapili, na leo zaidi ya kilomita 100 za barabara huachiwa wananchi hadi saa nane mchana.

Sisi Wakenya hatukosi vipawa. Chris Froome, aliyeshinda mashindano makubwa ya Ufaransa mara nne kati ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi na akafunzwa baiskeli na Mkenya, Bw David Kinjah, katika vijiji vya Kikuyu. Suleiman Kangangi, aliyekuwa nahodha wa ndoto za vijana wetu, alifariki Agosti 2022 katika mashindano nchini Marekani, nchi nzima ya waendeshaji ikamlilia. Kipaji tunacho. Tunachokosa ni mahali ambapo mtoto anaweza kujifunza bila mzazi wake kufumba macho.

MAOMBI MADOGO YA JERICHO

Mwisho wa msafara, vijana waliketi chini wakaandika maombi yao kwenye karatasi ya daftari ili waipeleke kwa wakuu wa wadi. Niliyasoma. Hawakuomba barabara ya juu. Waliomba matuta karibu na shule. Waliomba milia ya kuvukia ipakwe rangi upya na iwe na taa. Waliomba mitaro ifunikwe. Waliomba njia moja ya baiskeli, hata iwe nyembamba, iunganishe mtaa na Jogoo Road na kuendelea hadi Industrial Area. Na waliomba Jumapili moja kwa mwezi barabara moja ya mtaa ifungwe saa chache ili watoto wacheze.

Si wote waliokubaliana. Mama mmoja mwenye kibanda kandokando ya barabara alisimama akasema kwa uchungu: "Mkisema njia isafishwe, mnasema mimi niondolewe. Watoto wangu wanakula kutoka kwenye meza hiyo." Dereva mmoja wa matatu aliyekuja kutazama naye alisema kwamba mwenye gari humdai hesabu ya siku, na akienda pole pole atalala na deni. "Mimi pia nina watoto wanaovuka Rabai Road," aliongeza. "Lakini ninyi mnaniambia mimi nipunguze mwendo, hamumwambii tajiri apunguze hesabu."

Hawa hawakuwa maadui. Walisema kweli. Nilifurahi kuona vijana wakiongeza mstari kwenye karatasi yao: wachuuzi watengewe mahali pao kabla njia haijajengwa, wasifukuzwe kwanza na kutafutiwa baadaye. Kuhusu hesabu ya dereva hawakuwa na la kuandika, na hapo ndipo nilipotambua kwamba jambo hili ni kubwa kuliko rangi na saruji.

Lipo na jambo jingine. Kila siku tunasikia habari za mitaa ya zamani ya Eastlands kubomolewa na kujengwa majumba marefu. Wapo wanaotaka, wapo wasiotaka, na leo si siku ya kuliamua hilo. Ninasema hivi tu: ikiwa watu watawekwa ghorofa juu ya ghorofa, basi miguu itakayoshuka asubuhi itakuwa mingi zaidi. Anayechora majumba hayo na achore pia njia ya kutokea.

KURUDI NYUMBANI

Tulirudi mchana, jua la utosini. Mjukuu wangu alikuwa amechubuka goti na uso umejaa vumbi, na hakufunga mdomo njia nzima. Tulipofika mlangoni aliniuliza lile nililokuwa nikilingoja. Je, atakwenda shule kwa baiskeli?

Hapo nilimketisha nikamsimulia habari za jirani yangu wa mlango wa tatu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Babu, baada ya kufa, barabara ile waliitengeneza?"

Nilimjibu hapana. Waliniona mimi na wengine tukizitundika baiskeli zetu, tukanyamaza. Na barabara isiyo na wa kuidai hutengenezwa kwa ajili ya anayepiga honi kubwa.

Sikumpa ruhusa ya kwenda shule kwa baiskeli. Nisingekuwa mkweli kama ningeandika vingine. Rabai Road ya Jumatatu si Rabai Road ya Jumamosi, na mimi nimeshaona gurudumu likizunguka peke yake. Nilimwambia kwamba ndani ya mtaa atapanda apendavyo, na kwamba siku milia itakapopakwa rangi na tuta kujengwa pale wanapovukia, nitampeleka mimi mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata niliishusha Black Mamba ya baba ukutani nikaipeleka kwa fundi chini ya mti. Aliizunguka mara mbili, akapiga kengele iliyokataa kulia, akasema itahitaji mipira miwili, mnyororo mpya na spoki kadhaa, lakini mwili wake ni mzima. Nikamwomba aitengeneze kabla ya msafara ujao.

Karatasi ile ya maombi nayo ilipitishwa nyumba kwa nyumba kutiwa sahihi. Nilipotia yangu, niliandika chini yake jina la jirani yangu.